Aliyekanyaga Pedali

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote pale mtaani Chuno. Wanawake walikuwa wakifua, redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo, na Filipo alikuwa uani kwake, amelala chali chini ya pikapu yake nyeupe akifunga mpira mpya wa breki. Juzi yake, akielekea sokoni Chikongola, pedali ilizama mpaka chini bila kushika, akaponea chupuchupu kugonga bajaji. Dereva wa bajaji alimtukana matusi aliyostahili.

Filipo alikuwa mhandisi wa maji, mzaliwa wa Njombe, mtu wa kupima kabla ya kukata. Gari lake hakulipeleka kwa fundi. Miaka yote ya ndoa alilitengeneza mwenyewe hapo uani, na kazi iliyotaka watu wawili aliifanya na mkewe, Rozalia. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya namna hiyo. Mmoja hukaa kwenye usukani, akakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine huchuchumaa kwenye tairi, akalegeza skrubu ndogo, oili ikatoka na mapovu yake kupitia kijibomba mpaka kwenye chupa. Akakaza, ndipo akasema achia. Aliye kwenye tairi hamwoni aliye kwenye usukani. Husikilizana tu.

Rozalia hakuwa akijibu kwa mdomo. Alipiga mlango kwa kiganja, pa, mara moja, maana yake nimekanyaga. Na hakuachia mpaka aambiwe.

Alifariki mwezi wa tatu. Moyo ulichoka. Wiki za mwisho miguu ilimvimba hata kandambili zikakataa kuingia, akawa analala ameegemea mito, na siku moja alimwambia mumewe, bila machozi, "Baba Glory, sasa niache nipumzike."

Kwa hiyo safari hii Filipo alimwomba jirani yake Latifa, mkaanga mihogo, aliyekuwa shoga wa marehemu. Latifa alikuwa mwanamke mrefu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kusukuma kiti nyuma, akilalamika kwamba magoti yake yanagonga usukani.

"Shemeji, mimi gari naijua ya kupanda tu. Nikikuua humo chini usije kunitokea."

"Wewe kanyaga, Latifa. Nikisema achia, achia."

"Haya, bwana mkubwa. Rozalia alikuwa na subira, jamani."

Walimaliza tairi ya nyuma kushoto. Adhana ya alasiri ikalia. Latifa akashuka, akapangusa mikono kwenye kanga, akasema anakwenda kuswali na kwamba Filipo asiguse kitu mpaka arudi.

Filipo alihamia nyuma kulia. Alichomeka kijibomba, akaweka spana kwenye skrubu, akangoja. Baada ya muda gari lilinesa kidogo, kama linavyonesa mtu akikaa. Akajua Latifa amerudi.

"Mama Glory, kanyaga," alisema. Ulimi ulikuwa umetangulia akili.

Pa.

Akalegeza. Mapovu yakatoka, mengi, meupe. Akakaza. "Achia." Akasikia pedali ikipanda. "Kanyaga." Pa. Kazi ilikwenda vizuri, vizuri kuliko ilivyokwenda na Latifa, na ilimchukua muda kujiuliza ni nani aliyemfundisha Latifa kupiga mlango.

"Shemeji."

Sauti ilitoka getini. Latifa alikuwa amesimama pale, ushungi wa kuswalia bado kichwani, mkono mmoja umeshika nguzo.

"Shemeji, nani yumo humo ndani?"

"Si wewe?"

"Mimi ndiyo kwanza natoka kwenye mswala." Alishusha sauti. "Ulimwita nani?"

Filipo aliitazama spana mkononi mwake.

"Ulimwita kwa jina, ukamwambia afanye kazi?"

"Nilimwita kama siku zote."

Latifa hakusogea hata hatua. Alinong'ona kutoka palepale. "Marehemu huombewa, shemeji. Hatumwi. Aliyetumwa hajui kukataa. Mwambie kazi imekwisha, akapumzike. Umwambie wewe uliyemtuma, kwa mdomo wako, kabla jua halijazama. Likizama, amekuwa mtu wa kazi. Hatasikia tena."

Akaondoka. Filipo alisikia mlango wake ukifungwa kwa komeo, mchana kweupe.

Alisimama, akaenda mpaka dirishani. Hakukuwa na mtu. Lakini kiti kilikuwa kimevutwa mbele, mbele kabisa, mpaka mwisho wa reli yake. Ndivyo alivyokivuta Rozalia. Alikuwa mfupi, bila hivyo mguu haukufika.

Filipo alifungua kinywa. Yalikuwa maneno machache tu. Aliyaona yote, yamepangwa, tayari kusemwa. Kisha akaiona nyumba nyuma yake, na chumba, na upande wa kitanda ambao shuka yake haikuwa ikikunjika tena. Akafikiri: bado tairi mbili. Hilo lilikuwa kweli. Breki haiwezi kuachwa na upepo kwenye tairi mbili. Aliushika ukweli huo kwa mikono miwili.

Akaongeza oili kwenye kikopo chake, akahamia mbele kushoto.

"Mama Glory, kanyaga."

Pa.

Alifanya kazi polepole. Alipomaliza pale alihamia mbele kulia, tairi ya mwisho, mkono mmoja tu kutoka kwenye mlango wa dereva. Hakuinua macho. Aliogopa kuona. Aliogopa zaidi kutoona.

Oili ilianza kutoka safi. Povu moja. Kisha hakuna. Oili rangi ya chai nyepesi, bila upepo hata chembe. Mhandisi alijua maana yake. Kazi ilikuwa imekwisha.

"Kanyaga," alisema.

Pa.

"Achia. Kanyaga."

Pa. Kilikuwa kiganja kilichochoka. Sauti yake ilikuwa imelegea, kama mtu anayepiga mlango akiwa amelala. Na sasa, kwa kuwa alikuwa karibu, alisikia kitu kingine juu ya kichwa chake. Pumzi. Fupi, fupi, zenye majimaji. Alizijua. Alikuwa amezihesabu usiku kucha, mwezi wa pili na mwezi wa tatu.

"Nakuchosha," alinong'ona. "Mara moja tu. Kanyaga."

Pa.

Jua lilikuwa limegusa mabati ya nyumba ya pili. Kivuli cha ukuta kilifika kwenye magoti yake.

"Mara moja tu tena, mke wangu."

Safari hii hakuna kiganja kilichopiga. Pedali tu. Ilishuka taratibu, ikalia, ikafika chini.

Adhana ya magharibi ikaanza.

Filipo alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Aliangusha spana. "Achia," alisema. "Mama Glory, achia. Kazi imekwisha. Nenda kapumzike."

Pedali haikupanda.

"Rozalia. Kazi imekwisha."

Giza lilikuwa linaingia uani. Ukuta wa nyuma ya gari ulikuwa mwekundu. Taa za breki zilikuwa zinawaka.

Alifungua mlango. Kiti kilikuwa kitupu. Pedali ilikuwa imelala sakafuni, na mpira wake umebonyea kwa vidole vitano. Aliishika kwa mikono yote miwili akaivuta. Haikusogea. Ilikuwa ya moto. Na juu ya kiti, usawa wa sikio lake, pumzi ziliendelea, fupi, fupi, za mtu anayejitahidi asimwangushe mwenzake.

Fundi Hassani aliletwa Jumatatu. Alifungua mabomba, akamwaga oili yote, akatoa betri akaiweka chini. Magurudumu hayakuzunguka. Taa hazikuzimika. Aliangalia taa, akaangalia betri pale chini, akakusanya spana zake moja moja.

"Mzee," alisema, "hii siyo ya spana."

Padri alikuja na maji ya baraka. Yalikauka kwenye pedali kabla hajamaliza sala. Latifa alihamishia karai lake la mihogo mtaa wa pili. Akikutana na Filipo humwamkia, lakini haulizi kitu. Kila jioni, kabla ya magharibi, Filipo hukaa kwenye kiti cha abiria na kusema maneno yale yale, kwa sauti ile ile aliyomtuma nayo. Hayasikiki. Huyasema mpaka ukuta uwe mwekundu.

Mwezi wa nane Joshua, mlinzi wa makaburi huko Mikindani alikozikwa Rozalia, alimpigia simu kwamba kaburi limetitia, aje aone. Filipo alikwenda kwa bodaboda. Njiani alijipa moyo: makaburi mapya hutitia, udongo ukishakaa.

Lakini makaburi hutitia katikati. Hili lilikuwa limetitia upande wa miguu tu, kulia, shimo jembamba lenye urefu wa unyayo wa mwanamke mfupi. Mchanga wa ndani ulikuwa na utelezi. Alipoupeleka puani, ulinuka oili ya breki.

"Nimeshafukia mara tatu, mzee," Joshua alisema. "Sijui panya gani huyu."

Filipo alipiga magoti. Alijaza shimo kwa mikono, akashindilia kwa kiganja, akasawazisha mpaka likawa sawa na pengine.

Akatoa mkono.

Udongo ulishuka, taratibu, mpaka chini. Ukabaki huko.