Kozi Walioshonwa Macho

Hiace nyeupe ilikata kona bila kupunguza mwendo, ikagonga toroli la muuza maji, ikaenda zake.

Shangazi akalikwepa toroli kwa upana wa kidole na kuongeza moto. Pikipiki yake ya Yamaha ilikuwa kuukuu kwa nje tu. Ndani mafundi wa idara ya ujasusi walikuwa wameifunga injini ya kutisha.

"Kiota, hapa Shangazi. Ninawaona. Wanaelekea kinamasini."

Redio ya Motorola ilikwaruza sikioni. "Namba za gari?"

"Unazijua, Mkuu."

"Nijibu."

"Za kidiplomasia."

Kisha sauti ya Mkuu wa idara ikarudi, nzito, ya mtu ambaye amekwisha kupigiwa simu na wakubwa zake.

"Achana nalo. Usilisimamishe, usilipekue, usiliguse hata kwa ukucha. Hiyo ni amri."

"Na vilivyomo ndani?"

"Hatujui vilivyomo ndani."

"Mimi najua."

"Rudi Kiota, Shangazi."

Hakurudi.

Alikuwa na hasira. Wala si ile ya kufoka na kuvunja sahani ikaisha. Hii ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki tangu mdogo wake alipofungwa pingu.

Mdogo wake alikuwa mvisha pete. Kazi yake ilikuwa kunasa ndege kwa wavu laini, kuwavika pete nyembamba ya bati mguuni na kuwaachia, ili wakionekana nchi nyingine ijulikane wametoka wapi. Ndugu walimtania kila sikukuu: kijana huyu amevisha pete miguu isiyo na idadi, na mke hana! Yeye alicheka tu. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba yao, mpole mpaka anakera, mtu wa kumwomba radhi mbu kabla ya kumpiga.

Kisha kozi wakakamatwa uwanja wa ndege ng'ambo, wamefungwa ndani ya soksi za kike, kope zimeshonwa kwa uzi ili wasione na kupapatika. Kozi ni ndege wa kuwinda. Tajiri mwenye kiburi hulipa bei ya nyumba kwa mmoja. Miguuni walikuwa na pete za mdogo wake. Kesi ikawa imekwisha kabla haijaanza. Keshokutwa angesomewa mashtaka, na wakili wake alikuwa ameshaanza kuongea kama mtu aliyefika msibani.

Aliyewapa polisi ushahidi dhidi yake, kwa uso wa huzuni na leso mkononi, alikuwa Mwambata.

Mwambata wa ubalozi. Mlezi wa klabu ya watazama ndege. Mtu wa tabasamu, wa kutoa zawadi za picha bora na kushika watoto vichwa. Shangazi alijipenyeza katika klabu yake kwa sura ya mama anayeuza mapazia, akanunua Nikon na lenzi ndefu kama bomba la maji, akamsikiliza akihubiri mapenzi ya viumbe. Asubuhi hii alikuwa amemwona kwa macho yake akipakia masanduku yenye matundu nyuma ya Hiace.

Masanduku hayo yakifika kwenye eropleni iliyosubiri ng'ambo ya kinamasi, ushahidi ungeruka nayo. Mdogo wake angeozea ndani.

Hiace ikapanda tuta.

Tuta lilikatiza katikati ya maji, jembamba, la gari moja, na uwanja mdogo wa eropleni ulikuwa mwisho wake. Shangazi akafunga breki penye mwanzo wa tuta. Mkono ukaenda kwenye Glock kiunoni. Risasi moja kwenye tairi, basi. Na kesho yake ubalozi ungelalamika, Mkuu angeomba radhi, Hiace ingerudishwa kwa mwenyewe bila kufunguliwa.

Akairudisha bastola.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Majira ya kuhama yalikuwa yameanza. Ndege wa kaskazini walikuwa wakijaza matumbo kabla ya safari ya kurudi kwao. Klabu nzima ilikuwa hapa, imetapakaa kila kibanda cha kuvizia. Vitwitwi walikimbia matopeni, na kila kichaka kilikuwa kimeota lenzi.

Watu hawa Shangazi alikuwa amewasoma. Mwite mmoja wao kwenye harusi ya mwanawe, atakuja. Mwambie wakati wa nikaha kwamba ndege adimu ametua mahali, atamwacha bwana harusi mdomo wazi.

Na Mwambata alikuwa mmoja wao. Hapo ndipo Shangazi alipomchukia zaidi: ndege aliwapenda kweli.

Akatoa simu. Mdogo wake aliwahi kumtumia picha aliyoipiga masomoni ng'ambo, ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu mwingine. Kitwitwi mdomo-kijiko. Ndege mdogo wa kutoshea kiganjani, mwenye mdomo uliopanuka mwishoni, na duniani wamebaki wachache mno. Kila mkutano Mwambata alilalamika kwamba ameona ndege wote wa ndoto zake isipokuwa huyo.

Akaiweka picha kwenye kundi la WhatsApp la klabu.

"Mdomo-kijiko! Katikati ya tuta, karibu na pampu kuukuu. Anakula sasa hivi!"

Akabonyeza tuma, akainua darubini.

Hiace ilikuwa inakimbia. Ikakimbia. Ikakimbia.

Taa nyekundu za breki zikawaka.

"Mshenzi wewe," Shangazi akanong'ona.

Mlango wa mbele ukafunguka, Mwambata akashuka na kamera kifuani, ameinama, ananyata. Akamgeukia dereva na kufanya ishara kali ya mkono. Zima injini! Ndiyo kanuni ya kwanza ya klabu: injini hutisha ndege, na mtikisiko huharibu picha. Alikuwa ameifundisha mwenyewe, na mkono ulifanya kabla akili haijauliza.

Injini ikazimwa. Kiyoyozi cha nyuma kikafa nayo.

Kinamasi kikaamka. Land Rover, teksi, baiskeli, vigari vya mkopo, vyote vikapanda tuta kutoka pande zote mbili. Mwenyekiti wa klabu, daktari wa meno mwenye kitambi na pumzi fupi, alikuja mbio kwa miguu na mkongojo wa kusimamishia kamera begani. Kufumba na kufumbua Hiace haikuwa na pa kwenda.

Shangazi akaiacha pikipiki, akatembea taratibu kuifuata.

"Bosi, tuondoke!" dereva alikuwa akisihi.

"Nyamaza! Utamfukuza."

"Bosi, njia imeziba!"

Mwambata akainua kichwa. Ndipo alipoona magari.

Kishindo kikasikika kutoka nyuma ya Hiace. Mlinzi wa ndege, aliyepanda nyuma pamoja na masanduku, alikuwa akipiga bodi kwa ngumi. Jua lilikuwa limeshapanda, na bati lile sasa lilikuwa tanuri.

"Fungua! Wanakufa humu! Nami nakufa!"

"Usifungue!" Mwambata akabwata.

Mlango ukasukumwa kutoka ndani. Mlinzi wa ndege akaanguka nje, amelowa jasho, sanduku mikononi. Likapasuka juu ya changarawe.

Kozi wakatawanyika chini, wamebanwa ndani ya soksi, midomo wazi wakitafuta hewa. Vichwa viligeuka huku na huku. Kope zao zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mweusi.

Kisha kamera zikaanza kulia. Zote. Kwa mfululizo, bila huruma, na picha zikaanza kurushwa mtandaoni papo hapo.

"Acheni!" Mwambata alifunika uso. "Gari hili ni la ubalozi! Hamruhusiwi kuligusa!" Akamwona Shangazi, akamwelewa mara moja. "Wewe! Nitakufukuzisha kazi. Huwezi kunigusa!"

"Nimekugusa?" Shangazi akauliza.

Mwenyekiti alikuwa akilia waziwazi. Alitoa simu na kubonyeza. Simu ya Mwambata ikatoa mlio. Akaitazama: alikuwa ameondolewa kwenye kundi. Ajabu, hapo ndipo alipoketi chini kwenye changarawe.

Motorola ikakoroma.

"Shangazi! Umefanya nini? Waziri ananipigia, magazeti yananipigia!"

"Sijagusa gari, Mkuu. Namhitaji mdogo wangu hapa."

"Yuko mahabusu."

"Nyuzi hizi zikivutwa vibaya ndege anapofuka. Anayejua kuzifumua ni mmoja, na mmemfungia. Nchi nzima inatazama hawa ndege wakifa. Mwambie Waziri achague."

"Anakuja," Mkuu akasema.

Alikuja na ving'ora, ndani ya gari la polisi, amekonda, alama za pingu mikononi. Hakumsalimu dada yake. Aliangalia chini, uso ukamkunjamana, na kwa mara ya kwanza maishani Shangazi alimsikia akitukana, tusi ambalo mama yao angelisikia angemwosha mdomo kwa sabuni.

"Mkasi," akasema. "Mdogo. Na maji safi. Shikeni vivuli, jua lisiwapige."

Wanaklabu walisogea na kofia na miavuli. Dereva na mlinzi wa ndege walipakiwa kwenye gari la polisi. Wao hawakuwa na kinga ya ubalozi, na maelezo yao yangemtoa mdogo wake mahabusu. Mwambata alikuwa nayo. Shangazi alijua mwisho wake: atafukuzwa nchini kwa barua ya heshima, ataketi kiti cha mbele kwenye eropleni na kuletewa juisi. Wazo hilo lilimchoma kuliko kidonda.

Uzi wa mwisho ukatoka. Kozi wa kwanza akafumbua macho, makubwa, meusi, akamtazama mvisha pete bila shukrani yoyote. Mdogo wake akainuka, akafungua mikono.

Ndege akaruka.

Lenzi zote zikainuka naye. Na kwa mazoea ya miaka, Mwambata naye akainua yake.

Mwenyekiti akaifunika kwa kiganja.

"Wewe, hapana."

Mwambata akabaki ameshika kamera iliyozibwa, huku watu wote waliomzunguka wakitazama juu.

Shangazi akamwona mdogo wake akichukua kozi wa pili. Akaichomoa Motorola sikioni, akaitia mfukoni, akaifuata pikipiki yake.