Ukuta wa Darasa la Kwanza

"Halo, naongea na mama yake Adela?"

Kokuhirwa alisita. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha darasa la kwanza, vidole vimejaa chaki. Nyuma yake watoto zaidi ya themanini walikuwa wakisoma silabi kwa sauti moja. Ilikuwa Novemba, mvua ilikuwa imenyesha Kaisho nzima tangu alfajiri, na sakafu ya darasa ilikuwa matope matupu.

"Adela yupi?"

"Adela Cassian. Mimi ni katibu muhtasi wa shule ya Inglishi midiamu, hapa Kayanga. Baba yake alituachia namba yako, akasema mambo ya mtoto tuongee na mama. Sare za Januari ziko tayari, ila fundi anauliza kuhusu sketi. Aache pindo?"

Adela alikuwa darasa la awali, chumba cha pili kutoka pale. Mama yake mzazi alifariki angali mchanga. Januari alitakiwa kuingia darasa la kwanza, kwa Kokuhirwa. Baba yake, Cassian, ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule hii hii ya serikali, na Jumamosi mshenga wake alikuwa anakwenda nyumbani kwa kina Kokuhirwa kuposa.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Aache pindo kubwa. Anarefuka haraka."

"Haya, mama. Karibu kwenye familia yetu."

Simu ikakatwa. Alikuwa ametamani sana kuitwa mama wa Adela. Sasa alikuwa ameitwa, na mwanamume aliyemwita hivyo kwa watu wa Kayanga hakuwa amemwambia yeye mwenyewe kitu.

Aliandika ujumbe: "Sweta ya Adela ni ya rangi gani?"

Cassian akajibu: "Sweta ipi?"

"Ya Kayanga."

Jibu lilichelewa. Kisha: "Nakuja. Usimwambie mtu."

Wakati wa mapumziko, Mwalimu Mackrine alimkuta ameketi peke yake ofisini, chai imepoa.

"Wewe bibi harusi, mbona umenuna hivyo? Umesikia mahari inaletwa kwa bata?"

"Mackrine, niache kidogo."

"Nakuacha. Ila Jumamosi usipike ndizi kwa uso huo, zitagoma kuiva."

Mackrine alitoka akicheka, akapishana na Cassian mlangoni. Cassian akafunga mlango.

"Koku, ningekuambia."

"Lini? Mtoto akishaanza kunisalimia gudi moningi?"

"Nilitaka tumalize posa kwanza. Atakaa kwa dada yangu Kayanga, atasoma kutwa. Si bweni. Koku, mzazi ana haki ya kuchagua shule. Hakuna sheria inayokataza."

"Haki unayo. Nauliza kwa nini Alhamisi unasimama kwenye kikao cha wazazi kuwaambia wenzako wasiwatoe watoto wao hapa."

"Kwa sababu wakiwatoa, shule inakufa. Fedha za ukarabati zimekuja kwa idadi ya wanafunzi."

"Kwa hiyo watoto wao ni wa kuhesabiwa, wa kwako ndiye wa kusoma."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nifundishe."

"Ni Kiingereza, Koku. Siku hizi bila Kiingereza mtoto anaachwa."

"Adela yuko awali na anasoma habari nzima ya Kiswahili bila kukwama. Kiingereza nilisomea, ningemfundisha mimi. Sema lingine."

"Madarasa yamejaa."

"Na ya kule yanajaa. Nilifundisha huko kabla ya kuajiriwa. Sema lingine."

"Basi wewe hutaki mwanangu apate kilicho bora!"

"Sema lingine, Cassian."

"Ule ukuta utaanguka!"

Sauti yake ilijaa ofisi. Alijishika mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Ukuta upi?"

Cassian akaukagua mlango kama umefungwa.

"Ukuta upi, Mwalimu Mkuu?"

"Wa nyuma. Wa darasa lako." Aliketi. "Nilipokuwa naandaa makadirio ya ukarabati, nilichimba pale nyuma nione hali ya msingi. Hakuna msingi, Koku. Maji yameula. Niliingiza fimbo chini ya ukuta, ikapita yote. Sijamwambia mtu. Nikafukia."

"Ukafukia wapi?"

"Pale penye maua."

Kokuhirwa alimtazama. Kile kitalu cha maua Cassian alikitengeneza mwenyewe mwezi wa tisa, na walimu wote walimsifu kwa kupendezesha shule. Kiangazi kilipokuwa kikali, yeye Kokuhirwa ndiye aliyewapanga watoto zamu ya kumwagilia. Kila asubuhi, ndoo mbili.

"Watoto wangu walikuwa wakimwaga maji kwenye msingi," alisema polepole, "na wewe ukiwatazama kutoka dirishani."

"Nifanye nini? Fedha zilizokuja ni za lipu, sakafu na mabati. Nikitaja msingi, huo si ukarabati tena, ni kubomoa na kujenga upya. Ni maombi mapya, mwaka mwingine wa fedha. Darasa linafungwa, wazazi wanakimbia, mwishowe tunaunganishwa na shule nyingine. Mimi nilisoma hapa. Unataka niwe mtu aliyeiua?"

"Ukamtoa mtoto wako."

"Ni mtoto, Koku. Nimebaki naye peke yake."

"Ukamtoa mtoto. Mimi ukaniacha ndani."

"Nilipanga baada ya harusi nikuhamishie darasa la tano."

"Na hao themanini uliwapangia nini?"

Kengele ililia, na watoto wakaanza kukimbilia madarasani.

"Kikao ni Alhamisi," Kokuhirwa alisema. "Watakuwepo wazazi wote. Sema wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Ukisema, Jumamosi mshenga wako atanikuta namsubiri."

Alitoka, akawahi kufika mlangoni pa darasa lake kabla ya watoto.

"Hakuna kuingia. Mabegi nitayatoa mimi. Shikaneni mikono, tunakwenda kanisani."

Cassian alimfuata uani. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kwangu."

"Nitawaambia nini watu?"

"Wewe unajua kuwaambia watu vitu. Utapata cha kusema."

Alichowaambia ni kwamba paa linavuja. Kwa siku zilizofuata, darasa la kwanza lilisomea kwenye mabenchi ya kanisa la kigango cha jirani, na Kokuhirwa akakaa kimya. Alikuwa amempa nafasi, na aliitunza.

Alhamisi wazazi walijaa uwanjani, wengine wamekalia madawati, wengine baiskeli zao. Cassian alizungumza vizuri. Hilo halikuwa na shaka kamwe. Alieleza lipu mpya, sakafu ya saruji, mabati ya rangi. Aliwaomba wasiwahamishe watoto, waandikishe na wa Januari.

Winston, mfanyabiashara wa kahawa na nafaka kule mpakani Murongo, alinyoosha mkono.

"Mwalimu Mkuu, mimi sina unafiki. Wawili wangu nimewapeleka Inglishi midiamu, na kijiji kizima kinajua."

"Tunajua sana!" alidakia mama mmoja. "Tangu waende huko hawajui tena kusema shikamoo."

Watu wakacheka. Winston naye akacheka.

"Watajifunza, mama. Sasa, wa tatu yuko hapa, kwa sababu kahawa ya mwaka huu haikunifikisha. Sitaki mtu aniambie nimesaliti kijiji. Mzazi anampeleka mwanawe pale anapoona patamfaa. Nataka kujua kitu kimoja tu. Wa kwako atasomea wapi?"

Cassian aligeuka, macho yake yakakutana na ya Kokuhirwa, aliyesimama pembeni na walimu wenzake. Kokuhirwa hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alisubiri.

"Wangu," Cassian alisema, "ataanza hapa hapa Januari. Kwa Mwalimu Kokuhirwa."

Wazazi walipiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele, maana habari za posa zilikuwa zimeenea.

"Si kweli," Kokuhirwa alisema.

Hakupaza sauti, lakini waliokuwa mbele walisikia, wakawanyamazisha wa nyuma.

"Mwalimu, keti," Cassian alinong'ona. "Nakuomba."

"Adela ameandikishwa Kayanga. Sare zimeshashonwa. Lakini hilo ni lake, siligombi. Naombeni jembe."

"Jembe la nini?" Winston aliuliza.

"Njoo nalo, utaona."

Walizunguka nyuma ya darasa la kwanza. Winston alichimba kwenye kitalu cha maua. Hakuchimba sana. Udongo ulioshindiliwa kwa mikono uliporomoka wenyewe, na chini ya ukuta pakabaki tundu jeusi lenye maji. Kokuhirwa alichukua fimbo ya mzee mmoja, akaiingiza. Ilipita yote.

"Waitu!" akina mama walipiga kelele kwa pamoja, wakarudi nyuma.

"Wajukuu zangu watatu wamo humu," alisema bibi mmoja, Auleria. "Watatu!"

"Mwalimu Mkuu anajua tangu mwezi wa tisa," Kokuhirwa alisema. "Mimi nimejua wiki hii, na siku hiyo hiyo nikawatoa watoto. Sasa nisikilizeni. Ndugu Winston amechagua shule, na amesema hadharani. Anayetaka kwenda Kayanga aende, hatumzuii. Lakini nani hapa alichagua ukuta huu? Mtu hachagui kitu alichofichwa."

"Nilikuwa naokoa shule," Cassian alisema.

Winston alifuta jembe kwenye nyasi. "Hawa wa lipu wakija watapaka juu ya shimo. Tubomoe sisi. Halafu twende wilayani na picha, tuombe mabati na saruji yaje kwenye msingi mpya. Mawe ya msingi tutayabeba."

"Wewe mwenye watoto Kayanga utabeba mawe?" aliuliza yule mama wa shikamoo.

"Wa tatu yuko hapa, nimesema. Au hukusikia kwa kucheka?"

Wakakubaliana msaragambo, kazi ya pamoja ya kuubomoa ukuta, uwe Jumamosi asubuhi.

"Jumamosi si ndiyo posa ya mwalimu?" mtu aliuliza.

"Kazi ni asubuhi," Kokuhirwa alisema. "Wageni wanakuja mchana."

Jioni hiyo simu yake haikutulia kwa ujumbe wa Cassian.

"Umeniaibisha mbele ya kijiji kizima."

"Nilikupa nafasi. Uliitumia kudanganya."

"Nitamrudisha Adela. Atasoma kwako, naapa. Nisamehe, mpenzi."

Ujumbe huu aliusoma mara mbili. Kisha akajibu:

"Usimtoe mtoto shule ili unipate mimi. Mwache asome kule."

"Nakupenda, Koku."

"Najua."

"Kwa hiyo Jumamosi nije?"

Akaizima simu.

Jumamosi, alipofika nyumbani kutoka msaragambo, magoti yalikuwa na tope na nywele zina vumbi la tofali. Mama yake, Avelina, alimvuta mpaka uani.

"Wageni wameshakaa! Unaingiaje mbele ya watu hivyo?"

"Naoga, mama. Hawatakimbia."

Avelina alimshika mkono, akashusha sauti. "Sikiliza. Mwanamume amekosea, nani hajakosea? Una miaka thelathini na moja. Lakini kama moyo umekataa kabisa, baba yako akikuuliza kama unawafahamu, sema huwafahamu. Wataelewa wamepotea njia, watakwenda kwa heshima. Hakuna atakayetukanwa."

"Niseme simfahamu Cassian?"

"Ndivyo tunavyokataa, mwanangu. Ndivyo ilivyo."

Sebuleni, wazee walikuwa wanatafuna akamwani, punje za kahawa iliyokaushwa ambazo kila mgeni hupewa. Mshenga, Theoneste, alikuwa amevaa koti jeusi na alikuwa ameshasema mengi kuhusu ua zuri aliloliona katika boma hili. Cassian aliketi pembeni yake, ameinamisha kichwa. Angeweza kutokuja. Alikuja.

Kokuhirwa alipiga magoti, akasalimia. "Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia.

Baba yake, Rwegasira, alijiweka sawa kwenye kiti. "Binti yangu. Wageni hawa wanasema wametumwa na mtu. Unawafahamu?"

Kila aliyekuwa mle ndani alijua: akisema ndiyo, amekubali. Nyuma ya pazia mama yake alisogea karibu asikie.

"Nawafahamu, tata."

Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Theoneste akaanza kutabasamu. Cassian akainua kichwa, na usoni mwake palikuwa na furaha ambayo Kokuhirwa aliifahamu, na iliyomuuma.

"Sijamaliza," alisema. "Nimeambiwa nikitaka kukataa niseme siwafahamu. Siwezi. Namfahamu Cassian kuliko wote mlio hapa. Anampenda mwanawe. Ananipenda na mimi, sina shaka. Na alijua ukuta utaanguka, akaniacha chini yake pamoja na watoto wa watu, akapanda maua. Namfahamu vizuri. Siolewi naye."

Theoneste alikohoa.

"Mzee wangu Rwegasira, hapa mimi nimepotea. Binti amesema ndiyo na hapana kwa mara moja. Desturi inasemaje?"

Rwegasira alimtazama binti yake, tope lililobaki kwenye kucha zake, kisha akamgeukia mshenga.

"Desturi iliuliza. Yeye amejibu. Tafuneni kahawa yenu, hatufukuzi mtu."

Cassian alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, hakujitetea.

"Na Adela, Koku? Anakuulizia kila siku. Nimwambie nini?"

Hapo Kokuhirwa alimgeukia, akamtazama usoni.

"Mwambie ukweli, uone kama utakufa. Likizo mlete anione, nitamkagulia madaftari yake. Utamfikisha barabarani, atatembea mwenyewe mpaka ndani."

Akainuka, akawaaga wazee kwa heshima, akavaa tena gauni la kazi na kurudi shuleni. Ukuta ulikuwa umebaki nusu, na Winston alikuwa anapiga kelele kwamba walimu nao wana mikono.