Viatu Mlangoni pa Mama Hacer

Maiti ya Rasim, mlinzi wa magofu ya mji wa kale wa Laodikya, Uturuki, ilikutwa saa moja asubuhi chini ya ngazi za ukumbi wa kale, kisogo kimepasuliwa kwa sururu. Haikufika saa mbili, Inspekta Vedat alikuwa na mshukiwa: Dursun, mwizi wa vitu vya kale, amekamatwa kando ya uzio ana tope hadi magotini.

"Nilikuja kuchimba, afande," Dursun alilia. "Mwizi ni mimi. Muuaji si mimi."

"Leo umeamka mkweli? Kaa garini, ukweli usije ukakuponyoka."

Dursun hakucheka. Hilo Vedat alilitia moyoni.

Akawaamuru askari wafunge midomo, habari isitoke, akateremka mjini Denizli kupeleka taarifa ya msiba mwenyewe. Mtaa ulinuka rangi za viwanda vya taulo. Nje ya mlango wa kina Rasim, ncha zikielekea barabarani, ilikuwapo jozi moja ya viatu vya kiume, vimepigwa rangi vikang'aa. Akavitazama, kisha akabisha.

Alifungua Tahsin, mdogo wa Rasim, bado na ovaroli la kiwandani. Nyuma yake alikaa mama yao, Hacer, akivuta tasbihi.

"Rasim yupo?"

"Yuko kazini, kaka. Kwani kuna nini?"

"Ameuawa."

Tahsin akajipiga kifua. "Ni yule mbwa Dursun! Nani mwingine?"

"Dursun tunaye. Kifungo cha maisha kinamnyemelea. Viatu hivi vya nani?"

"Vya kaka'ngu."

"Viatu vya mtu huwekwa nje hivi akishafariki, apite mwenye shida avichukue. Mimi ndiyo kwanza naleta habari. Nyinyi mlifiwa saa ngapi?"

Tasbihi ilisimama.

"Nimeviweka mimi," alisema Mama Hacer. "Nimemzaa. Hata hicho nimnyime?"

"Mama, nyamaza!"

"Nimenyamaza tangu alfajiri, uliponiomba maji ya kunawa damu."

Tahsin akaketi sakafuni kama gunia. "Alinifuma nachimbua sanamu. Akasema atanipeleka kituoni kwa mkono wake. Ndugu yangu wa tumbo moja! Nilimpiga mara moja tu."

"Ndiyo iliyotosha," alisema Vedat, akamfunga pingu.

Mama Hacer hakumtazama mwanawe akitolewa. Alimshika Vedat mkono.

"Huyo Dursun ana mama?"

"Anaye, mama."

"Basi mwachie sasa hivi, mwanangu. Kati yetu mama wawili, mmoja apate wa kumfungulia mlango."