Kapu Lililokuwa Tupu

Miaka ile maduka ya intaneti yalipoanza kuchipuka mjini Sumbawanga, moja lilikuwa la Bertilla, karibu na stendi. Kila asubuhi, baridi ikiwa bado inauma masikio, wa kwanza kuingia alikuwa Evodia, binti wa kaka yake. Alikuwa amemaliza darasa la saba na anasubiri matokeo. Alifagia, akapangusa vumbi kwenye kompyuta, kisha akaketi mbele ya seva, mashine ya pale kwenye kona iliyopokea barua pepe za wateja wote.

Barua zilikuja na takataka zake, na hazikuwa haba. Wapo waliotangaza dawa za kunenepesha na za kukondesha, wapo waliojiita watoto wa wafalme wanaotafuta mtu wa kumwachia urithi. Seva ilikuwa na chujio la kuzizuia kabla wateja hawajafungua masanduku yao. Barua yenye kutia shaka iliangukia mahali palipoitwa kapu. Kazi ya Evodia ilikuwa kulipekua kapu hilo, aokoe barua nzuri zilizokamatwa kimakosa, ndipo afute zilizobaki.

"Bibi yako akipeta ulezi hamwagi makapi kabla hajayapekua," shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Chujio halina akili, Evodia. Akili ni yako."

Mwanzoni alipekua kweli. Lakini kazi ile inachosha, jamani, na kila asubuhi rafiki yake Fortunata alimsubiri mlangoni waende kunywa chai. Takataka nyingi zilikuwa za dawa. Basi siku moja Evodia akaiamuru seva kwamba barua yoyote yenye neno dawa kwa Kiingereza ifutwe hapohapo, isifike hata kapuni. Asubuhi iliyofuata kapu lilikuwa tupu. Shangazi akamsifu kwa wepesi wake, naye akatabasamu akaenda zake kunywa chai na Fortunata.

Wiki ile upepo ulivuma bila kupumzika, mabati yakigonga mchana kutwa. Daktari Clemens, aliyesimamia zahanati za vijijini, alikuwa akija kila siku kufungua barua zake. Alikuwa amepokea maboksi mapya ya dawa ya maji ya kushusha homa za watoto, na ndani ya chupa aliona kitu kimeganda chini. Akawaandikia wakubwa wake Dar es Salaam kuuliza. Wakamjibu kwa simu kwamba wataipima, na ikiwa na kasoro watamwandikia kabla ya Ijumaa.

Ijumaa ikafika. Daktari alifungua sanduku lake, akalitazama, akashusha pumzi.

"Hamna kitu," alimwambia Bertilla. "Basi dawa ni salama. Gari la dawa liondoke, maana zahanati za Kaoze na Kate zimeishiwa kabisa."

Evodia alikuwa ameshika kitambaa cha vumbi. Barua za ofisi kama ile huandikwa kwa Kiingereza, na barua inayohusu dawa itaachaje kuitaja? Alitaka kusema, lakini akaendelea kupangusa. Pengine haikuandikwa, alijiambia. Na hata kama iliandikwa, nani angejua? Shangazi angelaumu dishi la intaneti na mawingu, yakaishia hapo.

Ng'ambo ya barabara lori lilikuwa limeegeshwa, vijana wanapakia maboksi. Hakutaka kuyatazama, lakini macho yalirudi kulekule. Mzee mmoja aliyejifunga blanketi akaja kujikinga upepo mlangoni. Alikuwa Ngeleja, mfugaji Msukuma aliyehamia Kaoze na ng'ombe wake.

"Shikamoo babu," Evodia alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu." Mzee akaonyesha lori kwa kidevu. Alimweleza kwamba mjukuu wake Jenifa anachemka homa tangu juzi na zahanati haina kitu, kwa hiyo atapanda gari hilohilo. "Jioni hii atakunywa dawa," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha.

Injini ikawashwa. Akilini Evodia alimwona mtoto asiyemjua akifunguliwa mdomo, kijiko kikiingia. Alikimbilia ndani.

"Shangazi, barua ya daktari huenda ilikuja. Mimi ndiye niliyeifuta." Akaeleza yote huku machozi yakimtoka.

Bertilla alitoka mbio, khanga ikimdondoka, akasimama mbele ya lori mpaka likazimwa.

Daktari alipiga simu Dar es Salaam. Ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena, na tena, huku dereva akinung'unika kwamba giza litamkuta njiani. Hatimaye mwanamke akapokea, akasema waliandika tangu Jumatatu, na kwamba ataituma tena barua sasa hivi.

Evodia akaiondoa ile amri kwenye seva. Wote wakasubiri nyuma yake. Barua ilipofika haikwenda kwa daktari. Chujio liliitilia shaka, likaitupa kapuni. Evodia akaipekua na kuitoa mwenyewe.

Daktari aliisoma kwa sauti ndogo. Dawa ile ilikuwa imeharibika, na mtoto akipewa angeweza kufa.

Maboksi yakashushwa yote. Daktari akaenda duka la dawa mjini kutafuta vidonge vilivyo salama, akampa Ngeleja vya Jenifa na kumwelekeza namna ya kuvitumia. Mzee alivifunga kwenye pindo la blanketi akapanda lori. Hakujua kilichotokea, na alimpungia Evodia mkono. Yule binti alishindwa kuuinua wa kwake.

Duka lilipobaki na watu wawili, Bertilla aliketi karibu naye. Hakumgombeza.

"Daktari hakudanganywa na mtu leo," alisema. "Alidanganywa na kimya. Aliona sanduku tupu akajua kuna mtu ameliangalia kabla yake, akakuamini. Mtu akikuamini uangalie, mwanangu, angalia, hata kama hakuna anayekuona. Na ukikosea, sema gari likiwa bado limesimama, kama ulivyosema. Kesho uje mapema. Kapu litakuwa limejaa."