Matonge Aliyoyaficha Mildred

Kila jioni Mildred aliketi jikoni kwa mama yake huko Butula, akamega ugali wa mtama, akauchovya kwenye mboga ya mrenda, kisha akauficha kwenye sketi. Aliyeshiba ni mbwa. Tangu wenzake wa darasa la saba walipomwita "gunia la muhogo", chakula kilikuwa adui yake. Hata mifupa ilipomtokeza, kiooni bado aliliona gunia.

Ilikuwa mwaka wa 1976, naye ana miaka kumi na mitatu. Nywele zilimng'oka, damu ya mwezi ikakatika, akawa anatetemeka kwa baridi jua likiwaka. Mama yake, Truphena, akasema ni jicho: mtu amemtazama mtoto akila, chakula kikamgandia tumboni. Akaitwa mwanamke wa kuondoa jicho, akamchanja tumboni kwa wembe, akanyonya, akatema punje za mtama.

"Nani alikuona ukila?" Truphena aliuliza.

Mildred aliogopa kusema kweli. "Mama Roselyn," akajibu.

Basi Mama Roselyn, jirani yao mjane, akatengwa. Hakuna aliyenunua tena omena, dagaa aliowauza, na watoto walifunika sahani akipita. Mildred alimsikia akilia nyuma ya ua, akatamani ardhi immeze, lakini jioni akampa mbwa ugali tena.

Siku moja alianguka akitoka kuteka maji. Alizinduka kituo cha afya, daktari akimhesabu mapigo, mama yake kando.

"Mama, moyo wa huyu unapiga polepole sana," daktari alisema. "Mwili ukikosa chakula unajila wenyewe. Unamaliza mafuta, unaingia kwenye misuli, na moyo nao ni misuli. Damu inapungua, mifupa inadhoofika, tumbo linalegea, figo zinachoka. Nimeziona chale zake, lakini huyu hakulogwa. Ni kwamba hali chakula."

"Lakini mimi namwona akila!"

Mildred akaangua kilio. "Nilimpa mbwa, mama. Mama Roselyn hakunitazama hata siku moja."

Truphena alikwenda kupiga magoti mlangoni kwa jirani yake, watu wote wakiona. Kesho yake Mama Roselyn alikuja kituoni, amekonda kwa huzuni. Wagonjwa wengine walipomtambua, wakafunika mabakuli yao.

Alivuta kiti hadi kitandani. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Uliona aibu, ukaificha kwa uongo, ikatuchoma sisi wawili. Siku nyingine roho ikikuuma, sema, mwanangu. Daktari anasema moyo wako utachukua miezi kupona. Na mimi wangu vilevile."

Kisha akamkazia macho. "Sasa kunywa uji. Leo nitakutazama kweli."

Truphena hakulifunika bakuli. Mildred akanywa, machozi yakimdondoka ndani ya uji.