Ufunguo wa Chumba cha Cherehani

Kila alipotoka shule, Sindano alifungua chumba cha cherehani, akafagia vipande vya nyuzi, kisha akatunga uzi kwenye sindano zote za mama yake. Ndiyo maana watu walimwita hivyo, na wembamba wake nao ulichangia. Mama yake alikuwa ameshonea katika chumba hicho miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kumwambia atoke.

Siku moja mama alikwenda kununua vitambaa. Baba mdogo akaja, meno yote nje.

"Mwanangu, nipe ufunguo nipime dirisha. Nataka kuwawekea vioo."

Sindano akampa huku akicheka kwa furaha, akampa na futi ya mama, kisha akaenda kuteka maji. Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara aliona.

Aliporudi, kufuli jipya lilining'inia mlangoni. Cherehani ilikuwa imelala ubavu kwenye tope.

"Nyumba ni ya marehemu baba yangu, na hati ninayo," baba mdogo akasema. "Mwambie mama yako akashonee juu ya mti."

Mama alipofika alichukua nyundo. Fundi viatu, jirani yao, akamshika mkono.

"Dada, ukivunja hilo kufuli, mshtakiwa utakuwa wewe. Nenda mahakamani leo hii, kabla hajazoea humo ndani."

Mama akaenda. Wiki ya pili kesi ikasikilizwa. Asubuhi hiyo alimkalisha Sindano kitandani.

"Useme alikunyang'anya ufunguo."

"Lakini nilimpa mwenyewe, mama."

"Ulimpa, ukatutoa! Sasa turudishe."

Sindano hakula chochote asubuhi hiyo.

Mahakamani, baba mdogo alisimama kifua mbele. "Mheshimiwa, nilikabidhiwa chumba kwa hiari. Muuza mkaa yule pale aliona mtoto akinipa ufunguo, tena anacheka."

Hakimu akamgeukia Sindano. Mama akamkazia macho.

"Ni kweli, nilimpa," Sindano akasema. Mama akainamisha kichwa. "Alisema anataka kupima dirisha."

"Mwongo huyu!" baba mdogo akaruka. "Kupima nilisema tu, dirisha lenyewe wala sikulipima!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka.

"Kumbe uliomba ufunguo kwa ajili ya dirisha, ukachukua chumba. Leo siamui nyumba ni ya nani. Kama una hati, fungua kesi yake. Ninaamua nani alikuwa akikitumia chumba kwa amani, na nani amemtoa bila amri ya mahakama. Kirudishe leo."

Chumba kikarudi. Cherehani haikurudi kama zamani. Kutu ilikuwa imeingia, ikawa inakata uzi ovyo. Kesi ya hati nayo ilikuwa bado inawangoja. Baba mdogo alipopita, Sindano alimsalimu. Yule akapita kama anayepita ukuta.

Mama akasimamisha cherehani, akamgeukia Sindano.

"Ungesema nilivyokutuma, muuza mkaa angetuumbua, tukakosa vyote. Mtu mzima mimi, nikakuomba uongo." Akamvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Mahali unapopatumia kwa amani, mtu asikutoe kwa hila wala kwa ubavu, na wewe usimtoe mtu hivyo. Kimbilia sheria mapema. Na ukifika mbele yake, sema kilichotokea, hata kama kinakuaibisha."

Akauvua ufunguo shingoni, akamvika mwanawe.

Sindano akatunga uzi. Ukakatika. Akatunga tena.