Uji wa Kuchuja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alimpikia mdogo wake wa miezi saba uji. Alijua uji wa aina moja tu: unga kijiko kimoja, maji sufuria nzima, na ukishaiva unachujwa kwa kitambaa mpaka unakuwa mwepesi kama maji yaliyooshewa mchele. Mama yake ndiye aliyemfundisha, akiwa mgonjwa kitandani, sauti imekwisha kupungua. "Chuja tena, mwanangu. Kooni hapapiti kitu." Akachuja tena na tena, hadi asubuhi ile mama alipougeuzia ukuta uso na kukikataa kijiko. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu wamzike.

Uji aliutia kwenye chupa ya chai, akampa baba pamoja na maziwa ya kopo. Baba alikuwa fundi viatu, na mtoto alishinda naye kibandani, ndani ya kasha lililotandikwa khanga ya mama. Wateja walimwita Kibonge, maana alizaliwa na mashavu yaliyojaa hata macho hayaonekani. Jina lilibaki, mashavu yakaenda zake.

"Huyu Kibonge wenu amekuwa mwepesi kama kandambili," alisema shangazi alipokuja kuwatembelea. "Kaka, nakwambia wazi. Jumamosi tunampeleka kliniki. Akiwa ameshuka tena, naondoka naye. Kwangu ni safari ya siku mbili, mtakuja kumwona mkijaliwa."

Baba aliitazama mikono yake, asibishe. Kunyamaza kule kulimtia msichana hofu kuliko maneno yote ya shangazi.

Jumamosi mtoto alining'inizwa kwenye mzani. Muuguzi alitia nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari uliteremka.

"Mwezi uliopita ulisema anakula viazi, mayai na maharage," alimwambia msichana. "Ni kweli?"

Haikuwa kweli. Siku ile mama mmoja aliyekaa naye kwenye benchi alikuwa ametaja vyakula hivyo, naye akaona aibu kusema uji mtupu. Leo shangazi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ndiyo, sista. Mara tatu kwa siku."

Muuguzi alikuna shingo kwa kalamu. "Basi huu ni ugonjwa. Mtoto anayekula hivyo hakondi hivi. Inabidi alazwe, tumtoe damu tujue kuna nini."

Akaufunga mkono wa mtoto kwa mpira, lakini mkono ulikuwa mwembamba, mpira ukateleza, ikabidi auzungushe mara tatu. Mtoto hakulia. Alimtazama dada yake tu, kwa macho makubwa yaliyochoka, na msichana akakumbuka nani mwingine aliyewahi kumtazama hivyo.

"Msimtoboe!" alisema. "Nimedanganya. Hajaonja hata yai. Nampa maziwa na uji tu, wa kuchuja."

Akatoa chupa ya chai. Muuguzi akamimina kidogo kwenye kikombe. Maua yaliyochorwa ndani, chini kabisa, yalionekana moja moja.

"Maskini ya Mungu!" shangazi alimaka. "Si maji ya kunawia haya! Nani kakufundisha?"

"Mama."

Shangazi alikaa kwenye benchi taratibu, akajifunika mdomo kwa khanga.

"Sista," msichana alisema, "na mama, alipougua na kooni hapapiti kitu, nilimpa huu huu. Ndiyo njaa iliyomuua? Ni mimi?"

Muuguzi alifungua ule mpira, akachuchumaa mbele yake. "Hapana. Tena hapana. Koo la mama yako lilizibwa na ugonjwa, nawe ulimpa kitu pekee kilichoweza kupita. Ulimpikia vizuri. Lakini huyu koo lake ni zima, na mwili wake unajengwa. Anataka chakula kizito, laini, chenye mafuta kidogo. Alazwe ya nini tena? Mlisheni, mniletee kila Jumamosi nimpime."

Mchana huo shangazi alichemsha viazi na maharage mpaka vikalainika kabisa. Msichana alinawa mikono kwa sabuni, akamenya maganda ya maharage moja moja, wakaponda vyote pamoja na kijiko cha mafuta.

"Inamisha kijiko," shangazi alisema. "Chakula kikimwagika, bado ni chepesi. Kikishika, mpe."

Kijiko cha kwanza mtoto alikitema. Cha pili kikaishia kifuani kwa shangazi. "Ala! Nimepakwa rangi bila kuomba!" Msichana alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, naye shangazi akamwacha alie. Kijiko cha nne kilimezwa.

Shangazi alikaa nao mwezi mzima. Kwenye kadi mstari ulilala, kisha ukaanza kupanda. Asubuhi aliyopanga kuondoka, bila kumchukua mtoto, alimwita msichana uani.

"Kutojua kupika hakukuwa kosa lako," alisema. "Sisi wakubwa tulimaliza matanga, tukakuachia sufuria, tukaenda zetu. Aibu hiyo ni yetu. Lakini ulipoulizwa ukadanganya, na ule uongo ulikaribia kumlaza mtoto kwa ugonjwa asio nao, huku njaa ikimmaliza. Kitu usichokijua, sema hukijui, hata mbele ya watu. Hapo ndipo mtu anapata kukusaidia."

Msichana aliinamisha kichwa.

"Shangazi," alisema, "yai sijui kulipika. Wala boga. Wala mboga za majani. Mama hakuwahi kufika huko."

Shangazi alivua viatu vyake vya safari, akaviegemeza ukutani.

"Nitaondoka kesho," alisema. "Bandika maji."